"Sikusikia," Alisema Mjomba, Nasi Hatukumsadiki

IKIWA umewahi kupanda matatu ya Rongai au ya Umoja jioni ya Ijumaa, mpenzi msomaji, basi hakuna haja ya kukueleza spika ni nini. Umeshaijua kwa mbavu zako. Unaketi juu yake, inakutikisa meno, na ukitaka kushuka unalazimika kugonga bati kwa sarafu maana sauti yako haifui dafu mbele ya muziki. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, kwamba spika ni chombo cha kuwasumbulia watu waliochoka. Sikujua kuwa siku moja ningezunguka Luthuli Avenue kutwa nzima nikitafuta spika moja tu, nikiwa na imani kuwa ikipatikana, huenda watu wawili wa ukoo wangu wakala tena katika sinia moja.

Mama yangu ni mzaliwa wa Shimoni, kule kusini kabisa mwa pwani yetu. Ukivuka mkondo unafika kisiwa cha Wasini, na ukiendelea kidogo umeingia maji ya Tanzania. Kakake, yaani mjomba wangu, ni nahodha. Ana boti ya mbao yenye injini ya dizeli. Msimu wa watalii hupeleka wageni Kisite kuona pomboo na matumbawe; wageni wakipungua, hurudia kazi aliyofunzwa na babake, kuvua.

Nilikwenda kula Idd-ul-Fitr huko mwezi wa Aprili 2023. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kuwa mjomba alikula barazani pamoja na watoto wadogo, naye kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, akala ndani na wanaume wengine. Huyu kaka ndiye aliyefunzwa bahari na mjomba. Tangu utotoni walikuwa kama chanda na pete. Siku hiyo hawakupeana hata mkono wa Idd.

Kisa chenyewe nilikipata jikoni, mama akipaa samaki.

Jioni moja ya Septemba 2022, kusi ikiwa bado inavuma, injini ya mashua ya kaka ilizimika nje ya mwamba. Alikuwa na vijana wawili, na redio ndogo ya mawasiliano ya kushika mkononi ambayo alikuwa ameiazima. Giza lilipoanza kuingia, aliiona taa ya boti ya mjomba ikirejea kutoka kilindini, si mbali, pengine maili moja na nusu. Akaita. Akaita tena. Akamulika tochi. Boti ikapita, ikaenda zake. Mwishowe betri ya redio ikafa. Sasa, mkondo wa bahari yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo ukawabeba usiku kucha. Kesho yake adhuhuri waliokotwa na wavuvi wengine upande wa Msambweni, midomo imepasuka kwa kiu. Mmoja wa wale vijana hajarudi baharini tena.

Mjomba alipoulizwa, alijibu neno moja tu: "Sikusikia."

Wifi yangu, mkewe kaka, hakumstahi. Alisimama mbele ya watu akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa. Alisikia, akanyamaza." Kulikuwa na mambo mengine ya zamani pia, ya shamba la minazi, ambayo sitayaingilia hapa. Yatosha kusema kwamba watu walipoyakumbuka hayo ya minazi, waliona jibu limepatikana. Na nikuambie ukweli, msomaji wangu: nami nilimwamini wifi. Nilijiuliza, mtu ana redio, redio imewashwa, wenzake wanaita jina lake karibu hivyo, atakosaje kusikia?

Siku ya pili ya Idd mjomba alinichukua twende Kisite. Nadhani alitaka mtu wa kuketi naye. Aliketi nyuma penye usukani, na sanduku la injini liko hatua mbili mbele ya magoti yake. Injini ile ikiunguruma hata mawazo yako huyasikii. Redio yenyewe, ile kubwa ya VHF ya kufungwa ukutani, imewekwa mbele kabisa ndani ya kijumba kidogo ili isirushiwe maji ya chumvi. Hilo ni jambo la busara. Tatizo ni kuwa kati ya redio na nahodha kuna injini na mita zipatazo tatu.

Tukiwa njiani niliona kitaa cha redio kikiwaka, kikizima, kikiwaka tena. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwa mjomba na sikusikia chochote. Nikainama, nikapita kando ya injini nikishika kingo, nikaingiza kichwa kijumbani. Kulikuwa na mtu akizungumza! Sauti safi kabisa, akimuuliza mwenzake kama amefika. Redio ilikuwa ikiongea peke yake, kama mzee aliyeachwa chumbani. Spika yake ya ndani haizidi kitako cha gilasi ya chai.

Nikarudi, nikaketi. Sikusema kitu. Niliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa yangu.

Hebu nikueleze kidogo kuhusu redio hizi, hasa nyinyi wanafunzi, kwa maana wengi wetu wa mjini tunadhani baharini watu hupigiana simu. Mtandao wa simu hupotea haraka ukiacha ufuo. Redio ya VHF ya boti hutumia umeme wa betri wa volti 12 na hurusha sauti kwa nguvu isiyozidi wati 25. Ile ya mkononi huwa na wati tano au sita tu. Dunia nzima imekubaliana kuwa chaneli ya 16 ni ya kuitana na ya hatari. Chombo kilicho taabani huita hapo, "Mayday" mara tatu, na kila chombo chenye redio kinatakiwa kiwe kinasikiliza. Mombasa kuna kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji baharini, kilichofunguliwa mwaka wa 2006. Lakini mawimbi ya VHF huenda moja kwa moja kama macho yaonavyo. Hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Mtu aliyeketi chini ndani ya mashua na redio ya mkononi hafiki mbali. Tegemeo lake ni yule jirani anayepita.

Na kusikiliza kwenyewe ndiyo kazi. Bila shaka umesikia habari za meli ya Titanic iliyozama Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wakafa. Meli nyingine, Californian, ilikuwa karibu usiku ule. Ilikuwa na redio nzuri na mhudumu mmoja wa redio. Mhudumu huyo alikuwa amekwisha kuzima mtambo akalala muda mfupi tu kabla ya mwito wa kwanza. Ni baada ya msiba huo ndipo mataifa yalipokutana na, mwaka wa 1914, yakaandika mkataba wa usalama wa maisha baharini, ambamo redio za meli kubwa zilitakiwa kusikilizwa usiku na mchana. Redio ya mjomba haikuwa imezimwa. Lakini kwake yeye, pale nyuma alipoketi, ilikuwa kana kwamba imelala.

Niliporudi Nairobi nilimweleza fundi mmoja wa Luthuli Avenue, bingwa wa kufunga muziki kwenye matatu. Akacheka, akasema hiyo ni kazi ya dakika kumi. Akaniuzia spika ya duara, pana kama sahani, imeandikwa "wati 300". Nililipa, nikaipakata hadi Mombasa usiku kucha ndani ya basi kama mtoto mchanga.

Ilikuwa Juni 2023, wakati wa Idd-ul-Hajj. Nyuma ya redio nilizikuta waya mbili nyembamba zimefungwa tepu kwenye ncha, hazijaguswa tangu redio itoke dukani. Redio nyingi za namna hii huwa nazo. Ndizo za spika ya nje. Usizichanganye na zile za kipaza sauti cha kutangazia nje ya boti, kwa sababu hizo hutoa nguvu nyingi zaidi. Rangi za waya hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo kijitabu cha maelezo ni lazima. Mjomba alikuwa nacho, Mungu amjalie, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti chake cha ndoa.

Nikavuta waya hadi nyuma, nikafunga ile spika juu ya sanduku lililo mbele ya usukani, mahali pazuri mno, nikajipongeza. Mjomba akaketi. Akatazama dira. Akatazama kisiwa cha Wasini. Akatazama tena dira.

"Mwanangu," akasema, "kaskazini imehama."

Naam, kila spika ina sumaku mgongoni, na dira nayo ni sumaku. Lile lisahani langu la matatu lilikuwa limeivuta sindano kando kwa nyuzi nyingi mno. Hebu fikiria nahodha akirudi usiku akitafuta mlango wa mwamba kwa dira ya namna hiyo! Ningalimwondolea uziwi nikamtia upofu. Spika yoyote yafaa ikae mbali na dira, mita moja au zaidi, na hata hapo unaitazama sindano huku ukiisogeza spika, uone kama inatikisika.

Laiti ningaliishia hapo. Baada ya kuisogeza, waya mmoja haukufika. Nikakumbuka kuwa kwenye gari mafundi huunganisha upande mmoja wa spika na bodi, yaani na hasi ya betri. Hasi ya betri ilikuwa hapo karibu. Nikaunganisha. Redio ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Sio spika peke yake. Hata ile ya ndani.

Baadaye fundi wa Mombasa alinieleza kwamba kwenye redio nyingi za leo, zile waya mbili za spika zote hubeba sauti, hakuna iliyo hasi ya kweli. Ukiigusisha mmoja na hasi ya betri umeipiga shoti sehemu inayokuza sauti, nayo huungua. Zote mbili zapaswa kwenda moja kwa moja hadi kwenye spika bila kugusa kitu kingine chochote. Kutengeneza kulinigharimu pesa za kodi ya nyumba. Lakini si pesa zilizoniuma. Kwa wiki tatu, kusi ikivuma, mjomba alikwenda baharini bila redio yoyote, na aliyemwondolea ni mimi niliyejifanya mkombozi. Kila usiku nilimpigia simu mama kuuliza kama ameshuka. Mjomba hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Huyo fundi wa Mombasa, mzee mmoja mpole, ndiye aliyenifumbua macho. Alinionyesha kuwa zile wati 300 zilizoandikwa kwenye spika ya matatu hazina maana yoyote. Spika haizalishi nguvu, hupokea. Redio ile hutoa wati nne hivi, basi. Kinachotakiwa ni spika inayozitumia vizuri hizo chache. Akanionyesha nambari nyingine niliyokuwa nimeipuuza: omu 4. Redio imeandikwa omu 4, basi spika nayo iwe ya omu 4, au 8 ukikubali sauti ipungue kidogo. Ukifunga mbili za omu 4 sambamba zinakuwa 2, na redio itafanya kazi ya punda hadi ife. Tena ile ya matatu ilikuwa na uso wa karatasi. Karatasi na maji ya chumvi, wapi na wapi?

Agosti nilirudi na spika ya baharini hasa, ndogo, uso wa plastiki, imezibwa nyuma maji yasiingie. Waya nilinunua wa shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu baharini huota kutu ya kijani hadi ndani ya mpira wake. Nililehemu viungo kwa risasi badala ya kuvisokota kwa vidole, nikavivika ule mpira unaonywea kwa joto, na kabla waya haujaingia kwenye spika nikaulegeza kidogo ushuke chini kisha upande, ili tone la maji likifuata waya lidondokee hapo chini badala ya kuingia kwenye kiungo. Spika nikaipachika kwenye nguzo ya paa, upande wa kulia wa mjomba, usawa wa sikio.

Kwa nini kulia? Hapo ndipo nilipogundua jambo la pili, ambalo sikulitafuta.

Tulipojaribu mara ya kwanza injini ikiwa imezimwa, nilimsomea mjomba nambari kutoka kijumbani, nimempa mgongo. Nikisema saba, alisikia. Nikisema nane, alisikia. Nikisema sita, alijibu tisa. Nikisema tisa, alisita, kisha akasema sita. Sikio la kushoto lilikuwa baya zaidi. Jaribu mwenyewe kuyatamka maneno hayo mawili ukiziondoa herufi za "s" na "t": hayana tofauti tena. Makelele ya miaka mingi huanza kwa kula sauti nyembamba, zile za "s" na "f" na "t", yakaacha zile nene. Mtu husikia kuwa kuna anayesema, lakini hajui anasema nini. Wataalamu wanashauri kuwa mtu asikae kwenye makelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Mjomba ameketi mbele ya dizeli tangu kabla mimi sijazaliwa.

"Tangu lini, mjomba?" nikamuuliza.

Akafuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu. "Nahodha kiziwi nani atampa wageni?" akasema.

Kumbe ndiyo sababu alisema neno moja tu siku ile, akaacha watu wamwite mwovu. Alipopima, aliona afadhali hivyo. Niliahidi kutomwambia mtu, na ninayaandika haya leo kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu, baada ya kukubali kwenda kupimwa masikio hospitalini. Kijana wake mmoja sasa huketi naye kila safari.

Lakini siku ile ya Agosti hayo yote yalikuwa bado. Nilichotaka ni wifi. Nilimwendea nyumbani, nikamwambia kuwa simwombi amsamehe mtu yeyote, namwomba tu aje aketi mahali fulani kwa robo saa. Alikataa mara mbili. Mama yangu alipokwenda mwenyewe, akavaa buibui akaja, uso umekunjwa kama barua.

Kaka alikaa ndani ya mashua yake, imetia nanga karibu na ufuo, na redio ya mkononi. Tulikubaliana tutumie chaneli ya 72, maana ile ya 16 si ya kufanyia majaribio. Sisi tukasogea katikati ya mkondo. Nikaichomoa spika ya nje. Nikamweka wifi kwenye kiti cha mjomba, injini ikiunguruma mwendo wa safari, nikampungia kaka kitambaa.

Wifi alikaa akisubiri. Dakika moja, mbili, tatu. Akaniuliza kwa ishara, ataita lini? Nikamwonyesha kidole kile kitaa cha redio kule mbele, kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima. Alikitazama kwa muda mrefu. Ana masikio mazima kabisa, ya mwanamke wa miaka 30, na hakuwa amesikia hata neno moja.

Nikaichomeka spika.

"...jomba, mjomba, mjomba, unanipata? Mjomba, unanipata?"

Sauti ya mumewe ilitoka pale karibu na shavu lake kana kwamba amesimama nyuma yake. Wifi aliruka. Kisha akaushika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Zimeni injini," akasema.

Mjomba akazima. Tukabaki tukielea, maji yakipiga ubao.

"Mjomba," wifi akasema bila kumtazama, "mbona hukusema?"

"Nilisema," mjomba akajibu. "Nilisema sikusikia."

Hakuna aliyepata la kuongeza. Kaka kule kwenye mashua hakujua lolote la haya. Alikuwa bado anaita, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu alianza kuingiwa na wasiwasi, nasi tukausikia waziwazi. Mjomba akapita kando ya injini, akaingia kijumbani, akachukua kipaza sauti.

"Nakupata," akasema. "Kaa hapo hapo. Nakuja."

Injini ilikataa kuwaka mara mbili, ikawaka ya tatu.